Daftari la Kukisia

Eldoret,
14 Septemba 2008

Mama mpendwa,

Ninaapa kukuambia kila kitu, hata yale ambayo Baba hangependa uyajue. Mwalimu Kipyego alitufundisha kuanza barua kwa "natumai u buheri wa afya kama sisi tulivyo", lakini nikianza hivyo nitakuwa nimedanganya kabla ya kufika mstari wa pili.

Tumetoka kambi ya waliokimbia vurugu za uchaguzi. Mama Jepkemboi, yule ambaye Baba alimwekea stima nyumba yake ya Elgon View miaka ile, ametupatia chumba cha nyuma. Yeye siku nyingi yuko shambani kwake Soy. Barua zako zitume kwa sanduku lake la posta. Usiniulize mambo haya kwa simu. Simu anayo Baba, na ukimuuliza hali atakujibu neno lile lile moja: sawa.

Hayuko sawa, Mama.

Ukimwona utasema amepona. Anatembea, kovu limefunikwa na nywele, anacheka. Wageni wakija anawaambia kichwa cha Mjaluo ni kigumu, kilichopasuka mwezi wa kwanza kilikuwa ni jiwe. Wanacheka na kuondoka wakisema Mungu ni mwema. Halafu Baba anakwenda kupika chai. Juzi alipima maji, maziwa, majani na sukari, akasimama kando ya jiko nusu saa akinisimulia habari za kazi, na jiko halikuwa limewashwa. Nilipomwonyesha, alisema ni mimi niliyelizima. Hakuwa anadanganya. Aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto.

Kliniki tunamwona Madam Kavetsa. Kazi yake ni kuwafundisha upya watu walioumia kichwani mambo ya kila siku. Nilimwambia Baba ni mkaidi, akakataa. "Mkono ukivunjika," alisema, "ubongo ndio unaokuambia umevunjika. Sasa ubongo wenyewe ukiumia, nani atakuambia?" Anasema Baba hajifanyi. Mahali panapopaswa kumwonyesha makosa yake ndipo palipopigwa.

Dawa aliyotupatia ni daftari. Lina safu mbili. Ya kushoto inaitwa Nakisia, ya kulia inaitwa Ilivyokuwa. Kabla ya kufanya jambo Baba anasema litachukua dakika ngapi na atakosea mara ngapi. Kisha analifanya. Kisha mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikitazama, ninaandika ilivyokuwa, na tunasoma pande zote mbili pamoja. Hairuhusiwi kubishana wala kumcheka. Madam Kavetsa anasema akilitazama pengo hilo mara mia moja, huenda mara ya mia na moja akaliona mwenyewe. Pia amepiga marufuku neno "sawa" nyumbani kwetu. Ukiulizwa hali ni lazima useme jambo: kichwa kinauma, nimechoka, nimesahau.

Jana Baba alikisia kwamba ataenda dukani kununua vitu vitatu na kurudi kwa dakika kumi. Ilivyokuwa: saa moja na nusu, na kitu kimoja, kibiriti, ambacho hakikuwa kati ya vile vitatu. Niliandika hivyo hivyo. Baba alisoma akasema, "Mwandiko wako umekuwa mzuri, Akumu."

Madam Kavetsa aliniuliza pia ni kwa nini siku ile aliyopigwa Baba alirudi nyumbani, ilhali sote tulikuwa tumeshafika kituo cha polisi. Nilimwambia nitakuuliza. Wewe unajua?

Mbusu Lennox.

Binti yako,
Rosebella Akumu


Nyahururu,
2 Oktoba 2008

Mwanangu Rosebella,

Barua yako nimeisomea nyuma ya zizi la ng'ombe, kwa sababu mjomba wako Gathogo akiniona na bahasha ya Eldoret anauliza kuna nini tena huko.

Nimeumia kusoma, lakini usiache kuniandikia. Mimi ndiye niliyeondoka. Gathogo alipokuja kutuchukua, baba yako alikuwa amelala hospitalini hajui hata jina lake, na kwa jina langu la Kikuyu, Waiyego, nisingeweza kukaa Eldoret siku moja zaidi. Wewe ulishika chuma cha kitanda chake, ukakataa kutoka. Nilikuacha, nikaondoka na mtoto mgongoni. Kila siku nakiona kile kitanda.

Nataka kurudi. Nimemwambia Gathogo wazi. Yeye anauliza, "Unarudi kwa nani? Nyumba wamechoma, na mume hajui jiko limewaka au limezimwa." Tumebishana wiki nzima hadi jana aliposema neno moja ambalo nimelishika. Alisema siku Eliakim atakapoweka stima nyumba ya mtu na taa iwake, atanileta mwenyewe kwa pickup yake, hata kama ni usiku wa Krismasi.

Kwa hiyo ninakilie hizo kurasa za daftari unitumie nimwonyeshe. Ninaomba kila asubuhi kwamba upande wa kulia ufanane na wa kushoto.

Lile swali la siku ile usimuulize baba yako. Nitakujibu mimi, siku nikiweza.

Mama yako,
Waiyego


Eldoret,
9 Novemba 2008

Mama mpendwa,

Natumai u buheri wa afya kama sisi tulivyo.

Kurasa hizi hapa, nimezinakili kwa kalamu nzuri. Utaona mwenyewe. Kupika chapati nane: Baba alikisia dakika arobaini na kosa moja. Ilivyokuwa: dakika arobaini na mbili, kosa moja. Kununua vitu vinne dukani: alikisia dakika kumi na tano. Ilivyokuwa: dakika kumi na sita, vitu vinne. Kuunga plagi ya pasi: alikisia hatakosea. Ilivyokuwa: hakukosea.

Madam Kavetsa alisema hizi ni alama nzuri kuliko anazopata Baba mbele yake pale kliniki. Aliniuliza kama nina uhakika na saa ninayotumia. Nilimwambia ni saa ya ukutani.

Mjomba Gathogo amesemaje?

Binti yako,
Rosebella Akumu


Elgon View, Eldoret
7 Desemba 2007

Mama Rose,

Naandika barua hii mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Hii ziara yako kwa Gathogo imekuwa ndefu sasa. Mwambie mimi bado namshinda kwa drafti.

Lennox ameota meno?

Habari kubwa ni kazi. Mama Jepkemboi ameongeza chumba kwa nyumba yake na anataka taa mbili. Aliniuliza kwa adabu kama nimepata nguvu. Nikamwonyesha daftari ambalo Akumu ananiandikia. Alisoma kurasa za Novemba zote akasema, Baba Rose, hata mimi singepata alama hizi. Unaona. Watu wanasema nilipigwa kichwani wakati wa vurugu, na mimi sibishani nao, lakini daftari limeandikwa na mtoto wa shule, si mimi. Nitaanza na kumaliza Jumamosi tarehe ishirini.

George amekataa kusimama kwa swichi. Miaka kumi na miwili tumefanya kazi, mimi juu ya dari, yeye chini, leo anasema hawezi kubeba mzigo huo kwa roho yake. Ni wivu. Akumu ndiye atasimama. Kazi ya chini ni rahisi. Stima inazimwa, mimi nafanya kazi huko juu, nikimaliza na kuondoa mikono kwa waya naita "Sawa!" na yeye anawasha. Hakuna neno lingine la kukariri.

Halafu huyu George, ambaye nimefanya kazi naye miaka kumi na miwili, amekataa kusimama kwa swichi. Ni wivu tu.

Taa zikiwaka uje uzione. Uniambie pia kama Lennox ameota meno.

Usiwe na wasiwasi kuhusu mimi. Niko sawa.

Wako,
Eliakim Obiero


Nyahururu,
15 Desemba 2008

Mwanangu Rosebella,

Mjomba wako amezisoma kurasa zako mara mbili na kuzikunja vizuri. Amesema pickup itatoka hapa tarehe tatu Januari, taa za Mama Jepkemboi alizonitajia baba yako kwa simu zikishawaka. Nilishukuru Mungu. Nilianza hata kufua nguo za Lennox.

Kisha nikapata barua ya baba yako. Sijamwonyesha Gathogo. Tarehe aliyoandika ni ya mwaka jana, mwezi ule ambao hakuna kilichokuwa kimetokea. Ameniuliza mara mbili kama Lennox ameota meno. Lennox ana miaka miwili, anauma hadi vijiko. Habari ya George ameisimulia kama mpya, na mistari michache chini ameisimulia tena. Mtu huyu na yule wa daftari lako hawafanani.

Mimi siwezi kukukaripia kwa kuficha kitu, kwa sababu nami nimeficha. Uliniuliza baba yako alirudia nini siku ile. Tulipofika polisi nilipapasa mfuko nikaona sina kadi ya kliniki ya Lennox. Alikuwa na chanjo wiki iliyofuata. Nilimwambia Eliakim nimeiacha juu ya kabati. Tulikuwa tumeshaanza kuona moshi. Nilijua hapafai kurudi, na niliona kwamba yeye pia anajua. Akasema, "Sawa," akaenda. Ndilo neno la mwisho aliloniambia akiwa mzima, na ndilo analonijibu kwa simu kila Jumapili. Ukijua hilo utaelewa kwa nini simu zangu huwa fupi.

Kwa hiyo nakuuliza sasa. Kurasa zile ni za kweli? Kama si za kweli, asipande. Usingoje kuniandikia kwanza. Asipande.

Mama yako,
Waiyego


Eldoret,
21 Desemba 2008

Mama,

Mwezi wa tisa niliapa kukuambia kila kitu, na kiapo hicho nilikivunja. Leo ninakirudia, nikianza na lililo baya.

Kurasa za Novemba si za kweli. Upande wa kushoto ni wa Baba. Upande wa kulia niliutunga mimi nikiwa nimeketi kitandani na rula, ili mistari inyooke. Zile chapati nane, sita ziliungua na mbili hakuzisukuma kabisa. Plagi ya pasi aliiunga vibaya, nikaificha chini ya godoro nisije nikamwona akiitumia. Nilianza kidogo tu: dakika themanini nikaandika sitini. Kisha nikapata barua yako kwamba unaomba pande hizo mbili zifanane, na mimi nikaona kwamba maombi hayo ninaweza kuyajibu kwa kalamu.

Sikufikiri kwamba Baba angeziamini. Lakini hana mahali pengine pa kujiona ila katika lile daftari.

Barua yako ilifika Ijumaa mchana. Nilitaka kumwambia jioni hiyo, lakini alikuwa amepanga koleo na bisibisi zake juu ya gazeti na alikuwa akipiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu tuhame. Jumamosi asubuhi nilimwambia tumbo linaniuma, siwezi kusimama kwenye swichi. Akasema nipumzike, Mama Jepkemboi atasimama. Nikamwambia tumbo limepona.

Saa nne alizima stima mwenyewe, akanionyesha swichi, akapanda ngazi na kuingia darini kupitia lile tundu la koridoni. Nilisikia magoti yake yakitembea juu ya mbao. Alikuwa akiongea peke yake. Baadaye akanyamaza, nikajua ameanza kuunga waya. Nilikuwa nimesimama na mkono juu ya swichi, kama alivyonielekeza.

Mama Jepkemboi akatoka jikoni na kikombe cha chai ya Baba. Akatazama juu kwenye lile tundu na kumsalimu kama anavyomsalimu kila akimwona.

"Baba Rose, uko sawa huko juu?"

Na Baba akajibu, kwa ile sauti yake nzuri, "Sawa!"

Mama, mkono wangu ulianza kusukuma. Nakuambia kwa sababu nimeapa. Nilisikia ile swichi ikianza kukaza chini ya kidole. Kisha nikamwona Baba akiondoka pale kituo cha polisi, siku ile ambayo ulikuwa umenieleza, akiwa amesema neno hilo hilo, na kidole kikasimama.

Nikaita, "Baba, mikono yako iko wapi?"

"Imeshika waya," akasema.

Sijui ni kwa nini, lakini nilimuuliza kama tunavyoulizana kwenye daftari. "Unakisia nini nikiwasha?"

Mama Jepkemboi aliinama taratibu akaweka kikombe sakafuni. Niliondoa mkono kwenye swichi na kuushika kwa ule mwingine.

"Akumu," Baba akasema. "Usiwashe."

Alishuka ngazi moja moja, akaketi kwenye kipago cha chini, vumbi kichwani. Aliomba daftari. Nilikuwa nalo, kwa sababu Madam Kavetsa alisema lisiwe mbali nasi. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilingoja anipige. Baba alifungua kurasa za Novemba, akapitisha kidole polepole upande wa kulia hadi chini.

"Huyu mtu ni hodari," akasema. "Ni nani?"

Nikamwambia ni mtu niliyemtunga ili Mama arudi.

Mama Jepkemboi alikuwa ameshika ukuta, akisema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye, ni mdomo wake, alikuwa anasalimu tu. Baba akamwambia hapana, salamu haina kosa. Kisha akaniomba kalamu. Upande wa kushoto aliandika: Niko sawa. Upande wa kulia akaandika: Nilikuwa nimeshika waya. Herufi zimeinama na mstari umeshuka, lakini ni mara ya kwanza ameandika upande wa kulia kwa mkono wake.

Nilidhani siku atakapojiona tutafurahi. Sivyo ilivyo. Jana hadi usiku alilala akitazama ukuta. Kakake Mama Jepkemboi alikuja kumsalimu, Baba hakusimulia lile la jiwe. Nilimpigia Madam Kavetsa kwa simu ya Mama Jepkemboi nikalia. Akaniambia mimi si wa kwanza kutunga safu ya kulia, na kwamba sasa ndipo kazi inaanza, kwa sababu mtu akianza kuona, kile anachokiona kinamuuma. Alisema tusimwache peke yake na tumfichie vifaa kwa sasa. Baba alinisikia nikivihesabu nikivitia kwenye sanduku. Akasema kuna koleo moja nimeisahau, iko mfukoni mwake, akanipa.

Leo baada ya kanisa nilimsomea barua yako. Ile sehemu ya kadi aliniomba nirudie. Alisema hakumbuki kituo cha polisi wala moshi wala kadi. Kisha akasema anakisia kwamba angerudi hata kama hukumtuma. Nilimuuliza kama nikuandikie hivyo. Akasema niandike, lakini niliweke upande wa kushoto, kwa kuwa hana namna ya kujua.

Ndani ya bahasha hii kuna kurasa za kweli za Novemba, kama ninavyozikumbuka, pamoja na ile ya jana. Mwonyeshe mjomba Gathogo zote. Mwambie pia kwamba taa hazijawaka. George amekuja leo mchana, wameketi nje na Baba bila kuongea sana, na amesema atazimalizia yeye wiki ijayo. Baba atasimama chini, na swichi itashikwa na Mama Jepkemboi. Neno la kuwashia wamelibadilisha. Sasa aliye juu lazima aseme mikono yake iko wapi.

Kwa hiyo sharti la mjomba halijatimizwa, wala sijui kama litatimizwa. Mtu ambaye ulikuwa ukimrudia tarehe tatu Januari hayupo. Aliyepo anaunguza chapati, na tangu jana anajua kwamba anaziunguza. Alipokutaja leo hakusema ziara. Alisema, "tangu Mama yako alipoondoka."

Kabla sijafunga barua hii aliniomba daftari tena. Ameandika swali juu ya ukurasa mpya, na upande wa kushoto amekisia jibu lako, akaukunja nisilione. Upande wa kulia ameuacha wazi, na amesema huo ni wa kujazwa na wewe, si mimi; ukurasa nimeutia humu bahashani. Tafadhali nijibu mara tu barua hii itakapokufikia, usingoje Jumapili wala simu. Mama, je, utarudi kwa huyu wa kweli?

Binti yako,
Rosebella Akumu